Kwa mnaoanza na polaraizesheni ya Sagittarius A*

Wadogo zangu mnaosoma Sagittarius A* (Sgr A*), shimo jeusi kuu la katikati ya galaksi yetu, kwa polaraizesheni, yaani mwelekeo ambao mawimbi ya mwanga wake yanatikisika, kila kundi jipya likiingia naona grafu zilezile zikirudi mezani: nukta moja ya polaraizesheni kwa usiku mzima, na chini yake maelezo kwamba mawimbi ya milimita "hayaonyeshi mwendo". Mwendo upo. Mnaufuta wenyewe kabla hamjauangalia.

1. Acheni wastani wa saa nyingi. Doa la moto, yaani fundo la gesi inayong'aa, linalozunguka shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 4.3 halimsubiri mtu. Mwaka 2018 kundi la wanaastronomia la GRAVITY liliunganisha darubini nne za mita 8.2 pale Paranal, Chile, likafuatilia miako mitatu ya infraredi. Gesi ilikwenda kwa karibu asilimia 30 ya kasi ya mwanga, ikimaliza mzunguko kwa dakika kama 45, na polaraizesheni ikigeuka pamoja nayo. Kwenye data za ALMA, safu ya antena za mawimbi ya milimita nchini Chile, za tarehe 11 Aprili 2017, baada ya mwako wa eksirei ulioonwa na darubini ya angani Chandra, kitanzi cha Q na U, namba mbili zinazobeba nguvu na pembe ya polaraizesheni, kilikuwa cha dakika kama 70. Chukua wastani wa saa tatu hapo uone kinachobaki: pande zinafutana, nawe unaandika "dhaifu". Gaweni data kwa dakika chache chache.

2. Choreni Q dhidi ya U, rangi ifuate saa. Juzi mmoja wenu, kijana makini kabisa, aliniletea "mgeuko wa ghafla wa uga wa sumaku". Pembe ilikuwa imefika nyuzi 179 ikaendelea mbele, na programu ikaiandika 1. Kwenye polaraizesheni, 0 na 180 ni mwelekeo mmoja. Uga haukugeuka popote. Wastani ni wa Q na U. Pembe hutafutwa mwishoni.

3. Msitumie Sgr A* kujikalibreti yenyewe, yaani kurekebisha makosa ya antena kwa data zake zenyewe. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipoumia.

Antena za ALMA zinapokea X na Y, mielekeo miwili ya mtikisiko wa wimbi, na anga hujizungusha juu yake kwa pembe inayobadilika kadiri chanzo kinavyopanda na kushuka. Chanzo tulivu huacha wimbi linalofuata pembe hiyo, na kwa wimbi hilo programu hutenganisha kilicho cha anga na mvujo wa antena (X ikichanganyika kidogo na Y). Sgr A* hupita nyuzi kama sita tu kutoka utosini pale Chajnantor, ilipo ALMA, pembe inabadilika upesi, chanzo kinang'aa na kimo karibu kila skani. Nikaona kwa nini nihangaike na kalibreta nyingine, chanzo cha kusahihishia antena?

Tatizo ni kwamba programu inachukulia chanzo hakibadiliki usiku kucha. Badiliko nililokuwa nalitafuta ililimega vipande, ikaligawa kwenye mvujo wa kila antena. Masalia, yaani kilichobaki baada ya marekebisho, yakatoka bapa, safi, ya kupendeza. Nikaandika kwenye rasimu kwamba usiku ule hapakuwa na mzunguko wowote, nikawatumia wenzangu.

Msimamizi wangu hakubishana nami. Aliniambia nifungue NRAO 530, kwaza (kiini king'aacho cha galaksi ya mbali) iliyokuwa kwenye data ileile, niipitishie jedwali langu la mvujo. Kwaza ile, ambayo kwa saa chache haikupaswa kusogea, ilikuwa inachora upinde: nukta ya kwanza juu kushoto, inayofuata chini kidogo, kisha nyingine, mpaka kulia. Mwendo niliouondoa kwa Sgr A* nilikuwa nimeubandika kwa jirani asiyehusika. Kusahihisha jedwali ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Kilichouma ni kumwandikia mwenzangu ambaye kwa kuniamini alikwisha acha kutafuta mzunguko kwenye data zake, akaelekeza muda wake kwingine. Muda ule sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo kalibreta iwe kwaza, na jedwali lijaribiwe kwa chanzo ambacho hakikutumika kulitengeneza. Hili sitachoka kulisema.

4. Mzunguko wa Faraday. Plazima yenye sumaku iliyo njiani, yaani gesi yenye chaji, huigeuza pembe ya polaraizesheni. Kipimo cha mgeuko huo kwa Sgr A* ni karibu −500,000 radiani kwa mita ya mraba. Kwa urefu wa wimbi wa milimita 1.3, pembe inageuzwa nyuzi 48 hivi. Kwenye infraredi athari hiyo ni kama haipo. Anayesoma mwelekeo wa uga moja kwa moja kwenye grafu ya milimita bila kuligusa hili anasoma plazima iliyo njiani.

5. Pembe huanza kaskazini kwenda mashariki. Ukikosea alama ya U, gesi yote inazunguka kinyume. GRAVITY na ALMA zote ziliona mwendo wa saa, kwa hiyo ukipata kinyume anza na skripti yako, nadharia mpya ije baadaye. Naharakisha, lakini ni kwenye vitanzi hivi ndipo watu walipojua kwamba tunaitazama gesi ile karibu kutoka juu, na kwamba uga wa sumaku wenye nguvu unasimama wima kuipita. Hakuna picha ya kawaida ingewaambia hilo kwa umbali wa miaka ya nuru 27,000. Aliyekwama na alama ya U aje kabla ya kutuma muhtasari wa mkutano, hata jioni, na alete skripti nzima badala ya picha ya skrini.