Ukitaka kudarizi wahusika wa gemu, anza kwa kuhesabu pindo

Wengi mnaojifunza mshono wa msalaba siku hizi mmevutwa na gemu na katuni, na mimi nalifurahia sana jambo hilo. Gemu za zamani zilichorwa kwa pikseli, yaani vijiraba vidogo vya rangi, na pikseli moja ni msalaba mmoja. Yule adui mwenye umbo la kaa wa Space Invaders, gemu la mwaka 1978, ana pikseli 11 kwa upana na 8 kwa kimo, basi. Unamchora kwenye daftari la hesabu na kazi inaanza. Sura ya mwanamuziki umpendaye iache kwanza: programu ya kugeuza picha kuwa mchoro wa mshono itakupa rangi nyingi na misalaba iliyotawanyika mmojammoja, uchoke kabla hujafika puani.

Nunua kitambaa cha Aida, chenye vitundu vya kuhesabika, namba 14, yaani misalaba 14 kwa kila inchi. Uzi una nyuzi sita ndani yake; tumia mbili. Mguu wa juu wa kila msalaba ulale upande uleule, la sivyo mwanga utaonyesha mabaka hata kama rangi ni moja.

Sasa pindo, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kama kanga, vitambaa vya kale vya kujifunzia kudarizi vilikuwa na mapambo na maneno yake. Cha Jane Bostocke cha mwaka 1598, kilichopo Victoria and Albert Museum, London, kina wanyama, herufi na kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mtoto. Ukichukua pambo la kale kuwa pindo lako, liheshimu kwa hesabu.

Tuseme kila pikseli ya kaa umeifanya misalaba minne kwa minne: anakuwa 44 kwa 32. Ua la pindo linajirudia kila misalaba 12. Ukiacha nafasi ya 6 kila upande unapata 56 kwa 44, na maua yatakatika kwenye kona. Acha 8: unapata 60 kwa 48, maua matano juu na manne ubavuni, kamili. Kisha rangi ya kaa irudie kwenye maua, vitu viwili viwe kazi moja.

Uzi mwekundu ujaribu kwanza kwa maji na kitambaa cheupe, maana mwingine hutoa rangi. Na ukitaka kuuza, wahusika hao wana wenyewe. Omba ruhusa kwanza.