Kupiga kopi: maswali yenu

*Kaka, bendi ya ukumbi wa hapa kwetu inapiga nyimbo za watu tu. Haina zake? (Msomaji, Isevya, Tabora)*

Inazo, ila aliyelipa kiingilio anataka wimbo anaoujua, aitikie na ainuke kucheza. Ikianza na wimbo mgeni, watu wanakaa. Ndiyo maana nyimbo zake inazichomeka katikati, ukumbi ukishachangamka. Halafu kopi, yaani kupiga wimbo wa mwingine, ni shule. Mpiga gitaa la solo anayeukalia wimbo wa zamani mpaka aukamate, anajifunza vidole vya wakubwa vilipita wapi. Mji huu ulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Kijana wa gitaa wa Tabora asiyejua hata wimbo mmoja wa bendi hizo, namsikitikia kweli.

*Huo si uvivu? (Ujiji)*

Ukiurudia wimbo wa mtu vilevile ili upate pesa ya haraka, nakubaliana nawe. Lakini sauti mpya huweza kuutoa wimbo upande ambao haukusikika. Mwimbaji wa Marekani, Dolly Parton, aliutoa “I Will Always Love You” mwaka 1974, wimbo mtulivu wa kantri. Mwaka 1992 Whitney Houston akauanza bila ala hata moja, kisha akaupandisha mpaka juu kabisa. Maneno yaleyale, uchungu mwingine. Na hapa nyumbani, mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua “Maria Salome” wa Saida Karoli wakatengeneza “Salome”, na vijana ambao hawakuwahi kumsikiliza Saida wakaanza kumtafuta. Mimi nalipenda hilo.

*Nataka kurekodi upya wimbo wa mzee wetu aliyefariki. Ruhusa ya nini tena? (Mwanga, Kigoma)*

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na hurithiwa. Nenda kwa familia, muandikishane, kisha uwaone COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ukitaka kukata kipande cha rekodi ya zamani na kukiweka kwenye wimbo wako, hiyo ni ruhusa nyingine, maana rekodi huenda ina mwenyewe mwingine.

*Na nikiupiga harusini tu?*

Mtaje mtunzi. “Malaika” umeimbwa na Fadhili William, Miriam Makeba, Boney M. na wengine wengi, na mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga. Inaniuma. Shika maikrofoni kabla gitaa halijaanza, useme wimbo ni wa nani.