Mama kwenye kipeperushi cha mgombea

SWALI: Mhariri, nagombea udiwani. Nimejitolea miaka mingi kwenye kamati ya maji, na aliyenivuta ni mama yangu, mkunga. Niandikeje wasifu?

JIBU: Anza na kazi, si ukoo. Taja cheo chako, mwaka ulioingia na ulioondoka, na jambo moja ambalo mpiga kura anaweza kwenda kulithibitisha. “Nimesaidia jamii” haipimiki. “Nilikuwa mtunza hazina, nikisoma mapato na matumizi mbele ya wanachama” inapimika. Usijitwalie kazi ya kamati nzima: wenzako wapo, watakukana hadharani. Mama apewe sentensi mbili, kwa idhini yake: alifanya nini, nawe uliiga nini. Zikizidi, watu watatamani kumchagua yeye. Picha za wagonjwa na watoto mliowahudumia, wewe au mama, acha kabisa.