Jaji abaki au aondoke?

SWALI: Shikamoo mama. Nimepata uraia na sasa nitapiga kura yangu ya kwanza hapa Iowa. Mwenzangu kanionyesha mfano wa karatasi ya kura: kuna majina ya majaji, hayana chama wala mpinzani, ni "ndiyo" au "hapana" tu. Uchaguzi gani huu? Nikiacha wazi, kura yangu itaharibika?
– Baba Neema, Des Moines

JIBU: Marahaba, Baba Neema, na hongera sana. Haiharibiki. Ukimruka jaji, kura zako nyingine zinahesabiwa kama kawaida. Ila usimruke kwa uvivu.

Jaji wa mahakama ya wilaya hapa hashindani na mtu. Kiti kikibaki wazi, tume ya uteuzi humpelekea gavana majina mawili, naye huteua mmoja. Ndivyo ilivyo tangu katiba ya jimbo ilipobadilishwa mwaka 1962. Akishatumikia angalau mwaka mmoja, wananchi wanaulizwa kama abaki, kisha wanaulizwa tena kila baada ya miaka 6, hadi astaafu akiwa na miaka 72. "Hapana" zikizidi, mwisho wa mwaka anaondoka.

Wengi hubaki, lakini si wote. Mwaka 2010 wapigakura waliwang'oa majaji 3 wa Mahakama Kuu ya jimbo kwa hasira ya hukumu ya 2009 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja. Robert Hanson, jaji wa wilaya aliyeiamua kesi hiyo mwanzoni, mwaka 2007, naye alipigiwa kura mwaka huohuo, akabaki. Mimi siafiki kumpima jaji kwa hukumu moja. Huyu ndiye anayeamua talaka, watoto wakae na nani, nani afungwe miaka mingi.

Kazi yangu ni ukalimani mahakamani, na huwa naangalia hivi: mtu akijibu kwa Kiswahili, jaji anamtazama yeye au mimi? Ananisubiri nimalize, au keshaanza kuandika? Akimsomea mshtakiwa haki zake, anatosheka na kichwa kilichotikiswa, au anamwambia, "Hebu nieleze umeelewa nini"? Hapo ndipo utamjua.

Majina siwezi kukutajia, kazi hainiruhusu. Lakini kesi nyingi ziko wazi kwa umma. Nenda asubuhi moja ukae benchi la nyuma. Soma pia tathmini ya majaji ambayo chama cha mawakili cha Iowa hutoa kabla ya uchaguzi. Usiyemjua hata baada ya hapo, mwache wazi. Usimpe "hapana" kwa sababu tu jina lake ni geni kwako.