Maswali na majibu: Mkoa umefaidika nini na chuo chetu?

Swali: Mimi ni mratibu wa ushirikiano na jamii katika chuo kikuu kimoja Kanda ya Ziwa. Tumesaini hati za makubaliano na halmashauri, vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) na wenye viwanda, na kila mwaka naandika ripoti ndefu. Safari hii Naibu Makamu Mkuu wa Chuo ameuliza: mkoa umefaidika nini? Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu mratibu, bosi wako ameuliza swali ambalo ripoti zenu hazijawahi kulijibu. Hati zilizosainiwa, semina na idadi ya washiriki ni shughuli tu. Matokeo ni AMCOS iliyoanza kufunga hesabu zake kwa wakati baada ya mafunzo yenu, au wachakataji wa dagaa walioacha kuanika mchangani wakaanza kuanika kwenye vichanja, mzigo unaoharibika ukapungua. Ili uyaone, lazima uwe uliandika hali ya mwanzo kabla ya mafunzo. Vyuo vingi huruka hapo, kisha mwisho wa mradi wanabaki kukisia.

Marekani, umoja wa vyuo vikuu vya umma, APLU, umekuwa ukivitambua vyuo vinavyoshiriki vizuri katika uchumi wa maeneo yao tangu 2013. Cheti chenyewe hakinisisimui, lakini njia ya kukipata inafaa kuigwa. Chuo hujitathmini, hukusanya maoni ya wadau wa nje kuhusu utendaji wake, kisha huandika mpango wa kuboresha. Kazi ngumu iko kwa hao wadau. Ukiwaita ukumbini mbele ya viongozi wa chuo, watawasifu, wale chakula, wasaini posho na kuondoka. Mtumeni mtu asiye wa ofisi yako awafuate walipo, mwaloni na kiwandani, awaulize: mara ya mwisho mlipokwama, mlitupigia simu? Kama hapana, mlimpigia nani? Jibu la swali la pili ndilo litakaloonyesha pengo lenu.

Kama chuo chenu kimo katika HEET, mradi wa elimu ya juu unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, kamati ya ushauri ya viwanda mnayo tayari, msiunde nyingine. Ipeni mpango wa kuboresha iukague kila nusu mwaka, na kila kipengele kiwe na jina la mhusika na kifungu cha bajeti.

Viashiria vya kupima matokeo visizidi vitano. Na msijipime na vyuo vya Dar es Salaam. Uingereza, KEF, mfumo wa kupima vyuo vinavyoshirikisha jamii na biashara maarifa yao, ulioanza kutoa matokeo 2021 hulinganisha chuo na vyuo vya aina yake, na kwenye kipengele cha maendeleo ya eneo huruhusu maelezo kando ya takwimu, kwa sababu takwimu peke yake hazitoshi.

Programu ambayo hata mdau mmoja hawezi kueleza imemfaa nini, ifungeni, fedha yake iende kwenye vichanja.