Bastola ya nyumbani: nitoboe mtutu au niache?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nipo Buhongwa, nina bastola ya 9mm ninayoimiliki kwa kibali, naiweka kwa usalama wa familia maana wezi walisharuka ukuta wetu. Shida yangu nikienda kufanya mazoezi inaniruka sana mkononi, risasi ya kwanza inaingia kwenye shabaha, ya pili inaenda mawinguni. Shemeji yangu anaishi Marekani, anasema kule watu wanatoboa matundu juu ya mtutu karibu na mdomo na bastola inatulia. Hapa mtaani kuna fundi wa kuchomelea mageti kasema hiyo kazi ya nusu saa tu. Nimpe au?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe, tena hata hiyo bastola asiione.

Shemeji hajakudanganya lakini. Baruti ikiwaka inageuka gesi yenye presha ya kutisha ndo inasukuma risasi, sasa ukiweka matundu upande wa juu gesi nyingine inatokea hapo kwenda juu na mtutu unasukumwa chini, kwa hiyo haunyanyuki sana. Wanaoshindana kulenga shabaha wanapenda hiyo kitu kwa sababu wanapiga risasi nyingi harakaharaka, na Glock wenyewe, kampuni ya bastola, walitoa bastola za 17C na 19C zenye matundu toka kiwandani, kwenye mtutu na kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua.

Ila hao wanapiga mchana, uwanjani, masikio yamezibwa, miwani machoni, mikono imenyooka mbele. Wewe ni saa nane usiku, umeme hakuna, umeamka na bukta upo kwenye korido inayotosha mtu na nusu. Ile gesi inatoka na moto, na moto wenyewe unapanda juu mbele ya macho yako, macho yaliyokuwa yameshazoea giza, ukishafyatua unaona wekundu tu na huyo mtu hujui kaangukia wapi au kakimbilia chumba cha watoto. Na kelele! Bastola ya kawaida tu inapita desibeli 150 wakati sikio linaanza kuumia kwenye 140, sasa ukitoboa unaisogeza ile kelele ije upande wako, na humo ndani kuta za tofali zinairudisha.

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Mwizi akikuvaa ukapiga bastola ikiwa karibu na mbavu, hujanyoosha mkono, yale matundu yanaangalia kidevu chako. Gesi ya moto na vipande vya risasi vinapanda usoni. Na ukitumia risasi za madini ya risasi (lead) matupu zisizo na ganda la shaba, matundu yanazikwangua zikipita, hivyo vipande vinakuwa vingi zaidi.

Tuje kwa fundi wako. Kule wenye hiyo kazi wanatoboa kwa cheche za umeme kwenye mashine maalum, vipimo vya kuhesabu nywele, ndani kunabaki laini. Drili ya mageti inaacha makwaruzo kwenye ile mifereji ya ndani ya mtutu inayozungusha risasi, na tundu likikaa vibaya umedhoofisha chuma kinachobeba presha karibu na vidole vyako. Halafu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha haifanyiwi ufundi kienyeji, uliza polisi waliokupa kibali kabla mtu hajaigusa, mambo ya kuelezana baadaye kituoni wakati tayari umeshapiga mtu utayaweza?

Sasa kuruka. Mimi nahisi unaishika chini sana, wengi tunaanza hivyo. Panda juu kabisa mgongoni mwa kishikio mpaka ule utando kati ya dole gumba na kidole ukaribie slaidi kwa chini bila kuigusa, angalia tu usiizuie slaidi ikirudi nyuma, mkono wa kushoto ujaze nafasi iliyobaki, viwiko visilegee, uzito wa mwili uende mbele kidogo. 9mm haina fujo hivyo. Toka mlango wa chumbani hadi sebuleni ni hatua chache, hata ikinyanyuka kidogo bado unampata, cha msingi umjue ni nani, kwa hiyo hela ya fundi nunua tochi kali na komeo la maana, na bastola ikae kwenye kisanduku cha chuma chenye ufunguo watoto wasiifikie.

SWALI LA PILI, toka Igoma: Je ukinunua yenye matundu ya kiwandani?

JIBU: Hiyo ni salama kwa ufundi, shida ya moto na kelele iko palepale. Kwenye 17C mtutu usio na matundu wa Glock 17 ya toleo lilelile unaingia, ila mtutu ni sehemu ya silaha, haununuliwi kama plagi ya bodaboda, pitia kwa muuzaji mwenye leseni.