Wauaji wa Alamut
Umeuliza kama wale wauaji wa kwenye gemu waliwahi kuwepo. Walikuwepo, ila si hao wa kisa cha vijana kuleweshwa bangi na kuonyeshwa bustani ya siri kama pepo ili wakubali kuua. Ni Waismailia wa Nizari, tawi la Washia, wa Uajemi na Shamu. Kiongozi wao Hassan-i Sabbah aliitwaa ngome ya Alamut, huko Uajemi, mwaka 1090. 1092 Nizam al-Mulk, waziri wa Waseljuki, Waturuki waliotawala Uajemi, akachomwa kisu. Walikuwa wachache mbele ya dola ya Waseljuki, ndiyo maana walilenga wakubwa badala ya kupigana vita. Bustani ni kisa alichokieneza msafiri Marco Polo, aliyepita Uajemi baada ya Alamut kuanguka kwa Wamongolia mwaka 1256. Inaniuma kikirudiwa kama historia, kwani ngome ile ilikuwa na maktaba kubwa, ikachomwa. Waismailia wa Aga Khan tunaoishi nao Dar na Mombasa ni Wanizari hao hao.